Nukta Upande wa Ng'ombe

Habari hii haijatiwa hata punje ya chumvi. Chumba chenyewe kipo mpaka leo, nyuma ya kanisa kule Subukia, chenye madirisha mawili na mlango wa buluu unaokwama kila mvua ikinyesha. Okeyo yupo, anatengeneza redio pale sokoni. Kalenda nazo zipo. Anayebisha afunge safari akaulize mwenyewe, ila asimuulize Mzee Gachanja, kwa sababu huyo hata ukimuuliza ni saa ngapi, ataanza kwanza kukueleza jinsi alivyoinyang'anya saa hiyo kutoka kwa chui.

Gachanja alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa kwa miaka thelathini na mmoja. Shule aliiacha darasa la sita. Kizungu alijifunza kwenye magunia ya mbolea, na taipureta akajifunza kwa kidole kimoja, halafu viwili, akaishia hapo. Siku ya kustaafu walimpa ile taipureta aende nayo, maana hapakuwa na mwingine aliyeitaka.

Mkewe, Rahab, alikuwa haoni tangu surua ilipompata akiwa na miaka minne. Wawili hao walitengeneza kitu ambacho bonde lile halikuwahi kukiona: ukurasa wa watu wawili. Gachanja aliokota kalenda kuukuu za duka la dawa za mifugo, zile za karatasi nzito, upande mmoja ng'ombe mnono na mwezi wake, upande wa pili mweupe. Kwenye ule mweupe alipiga chapa hadithi zake, mstari na mstari ameuacha mbali na mwenzake. Wino ulitangulia siku zote, kwa sababu ukianza na nukta, mpira wa taipureta unazilaza zote. Kisha Rahab aliichukua karatasi, akaingia nayo chumbani kwao, akafunga mlango. Nje ukasikia tok, tok-tok, tok, kibao cha kutobolea nukta na msumari wake vikifanya kazi. Akitoka, chini ya kila mstari wa wino pamesimama mstari wa nukta nundu, maneno yale yale. Mwenye macho na asiyeona wakakaa bega kwa bega, huyu anafuata kwa jicho, yule kwa kidole, ukurasa mmoja.

Mbona alifunga mlango? "Maneno yako yananiingia vidoleni, Baba Sue," Rahab alisema, akimwita kwa jina la binti yao. "Nitakosea." Hivyo katika maisha yao yote ya ndoa Gachanja hakuwahi kumwona mkewe akiandika. Alimsikia tu kupitia ukuta. Mara nyingine mlango ulifunguka kabla ya wakati, kichwa kikachungulia. "Huyu fisi wako amekuwa mrefu sana. Nimempunguza. Na wewe umpunguze kwa wino."

Kila Jumamosi watu kumi na wanne walikutana kwenye chumba cha kanisa, saba wanaona, saba hawaoni, wakasoma wawili wawili, na karatasi zilizokwisha kusomwa zikahifadhiwa humo kwenye mafaili.

Rahab alikufa mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimeshika, kwa homa ya mapafu. Gachanja aliendelea kupiga chapa kama kuku anayeendelea kuatamia mahali mayai yalipotolewa. Kalenda kumi na tisa, wino mtupu. Wasioona walikuja Jumamosi tatu, nne, wakawa wanasomewa kama watoto wa chekechea. Okeyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchoka. Okeyo macho yalimpotea akiwa mtu mzima, akafundishwa kusoma nukta lakini kuziandika kukamshinda. "Mimi nikitaka kusomewa," alisema, "nina redio arobaini kwa kibanda. Na hizo hata ziko na taarabu." Akaacha kuja. Wengine wakamfuata.

Mwezi wa nane Mbugua, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, aliingia na futi ya kupimia. Chumba kingekuwa stoo ya mahema na viti vya plastiki. "Na hizi karatasi, mzee, tutazitafutia mahali."

Gachanja akaitazama ile futi ikitambaa ukutani. Nyumbani Rahab alikuwa amekufa. Lakini kwenye chumba kile, penye benchi la dirishani walilozoea kukalia, alikuwa amechelewa tu. Chumba kikichukuliwa, angekufa kila mahali.

Ndipo wazo likamjia. Nyuma ya kitabu kimoja cha Rahab palikuwa na ukurasa wenye herufi zote, kila herufi na nukta zake. Gachanja alikitoa kibao cha marehemu chini ya kitambaa cha kufuma, mara yake ya kwanza kukigusa. Akafunga mlango wa chumbani, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumfungia. Alichukua kalenda ya mwezi wa saba, akaipiga chapa mistari mitatu ya hadithi ya fisi. Akaibana kwenye kibao, wino ukimtazama ili aone anapopita, akaanza kutoboa kutoka kushoto, herufi moja, anarudi kitabuni, herufi nyingine, anarudi kitabuni: Msifunge chumba changu. Mimi Rahab.

Ilimchukua siku mbili. Alipomaliza alipitisha kiganja upande wa chini, akakuta vinundu vimejaa. Akaridhika. Nundu ni nundu.

Jumamosi aliwaita wote, na Mbugua pia. Walikuja wachache, wakiwa wamelowa. Gachanja alisimama mbele yao na karatasi mkononi.

"Hii niliiacha hapa mezani Ijumaa, wino peke yake. Mlango nilifunga mimi, ufunguo ukalala kwa mfuko wangu. Leo nafungua, angalieni! Naapa mbele yenu, na kama nadanganya, huu mto wa hapa bondeni unibebe unitapike ziwani Bogoria."

"Wewe mto umekubeba mara ngapi, mzee?" akauliza Jepkorir, mama wa ng'ombe wa maziwa aliyekuwa akisoma pamoja na Okeyo. Watu wakacheka kidogo.

"Mpe Okeyo asome," Gachanja akasema. "Mimi nukta sijui."

Okeyo akapokea karatasi, akailaza kwenye goti, kidole kikatua chini ya mstari wa kwanza wa wino. Kikasimama.

"Hapa kuna mashimo."

"Mashimo gani?"

"Mashimo tu. Nukta zimeingia ndani." Akaigeuza karatasi. Upande wa pili palikuwa na ng'ombe mweusi na mweupe amesimama juu ya mwezi wa saba, na mgongoni mwake, tumboni mwake, hadi kwenye kiwele, vinundu vimemtoka kama upele. Kidole cha Okeyo kikatembea. Kikarudi mwanzo. Kikatembea tena, polepole.

"Soma basi," Gachanja akamhimiza.

"Haisomeki."

"Haisomeki aje? Soma tu, bana."

"Gachanja, kusoma najua. Herufi nyingine naijua, nyingine haiko hata kwa kitabu. Si Kiswahili hii, si Kikuyu, si Kijaluo. Ni kama mtu anaongea na amezibwa mdomo."

Jepkorir aliinama akatazama, akanyooka haraka. "Nukta za Mama Sue zilikuwa zinasimama upande wa wino. Hizi zimetokea huku kwa ng'ombe." Akashika shingo yake. "Ni kama ameandika akiwa ng'ambo ile ingine."

Mvua juu ya mabati ilisikika kama watu wengi wanaofikicha mahindi. Okeyo aliiweka karatasi benchini, akafuta kidole chake kwenye suruali, akafuta tena.

Lakini aliyepatwa na baridi kuliko wote alikuwa Gachanja. Wenzake hawakujua karatasi ile ilipaswa kusema nini. Yeye alijua. Alikuwa ameandika maneno manne, matano ya kawaida, kwa mkono wake mwenyewe, kitabu kikiwa wazi mbele yake, na mtu mwingine alikuwa ameyachukua njiani.

Mbugua akavua kofia. "Hiki chumba kifungwe leo. Jumapili ijayo baada ya ibada pasta ataomba hapa, na hizi karatasi zote zichomwe."

"Zote?" Gachanja akauliza.

"Zote, mzee. Kama ni mlango ameupatia hapo, tuuzibe."

Mafaili thelathini na saba. Kila alichowahi kuandika Rahab kwa vidole vyake. Gachanja alifungua kinywa aseme, Ni mimi. Kikafungika chenyewe. Angekiri nini? Kwamba aliandika jambo moja, na karatasi ikasema jingine? Hilo lingeharakisha kiberiti.

Jumatatu alijaribu tena. Alikagua kila nukta mara tatu. Maneno yalikuwa mafupi: Rahab, ni wewe? Aliipeleka karatasi kibandani kwa Okeyo, akaisukuma katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo.

Okeyo aliigusa upande wa ng'ombe, akaiachilia kama sufuria ya moto. "Umetoa wapi hii?"

"Nyumbani."

"Mkono ni ule ule."

"Inasema nini, Okeyo? Hata neno moja."

"Haisemi. Jamaa yangu, huyu mtu amekufuata mpaka kwa nyumba. Wewe tafuta watu wa maombi." Kisha akazima redio iliyokuwa ikiimba, kwa heshima. Gachanja akaondoka, karatasi akaiacha pale pale.

Tangu siku hiyo Gachanja akaanza kusikia. Ilikuwa saa tisa za mchana, wakati ambao Rahab alizoea kufanya kazi, ukungu ukiwa umeshuka kutoka mlimani na kukaa mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Tok. Tok-tok. Alitoka nje akakuta kuku anadonoa karai. Akamfukuza, akacheka peke yake kwa sauti kubwa, akarudi ndani. Kesho yake saa tisa akamfungia kuku mapema. Tok. Tok-tok, tok. Ilitoka chumbani. Alisukuma mlango. Kibao kilikuwa mezani chini ya kitambaa, dirisha limefungwa, kitanda kimetandikwa upande mmoja.

Akaelewa, au aliona ameelewa. Rahab alikuwa hai akimkatalia kurefusha fisi, na sasa alikuwa amekufa akimkatalia kumtia maneno kinywani. Mtu anaweza kuzungumza kwa niaba ya mkewe akiwa jikoni. Lakini kutia sahihi "Mimi Rahab", na Rahab mwenyewe yuko chini ya udongo, hana wa kumtetea!

"Mama Sue," alisema akiwa amesimama kizingitini, kofia kifuani. "Nilitaka tu wasikufukuze. Basi nimekoma. Lakini hata ukikasirika, niandikie kitu kinachosomeka. Hata kama ni matusi."

Alingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Ukungu tu.

Hakula vizuri wiki ile. Alipita nje ya chumba cha kanisa mara nyingi, akajaribu kitasa, akaondoka. Watoto waliokuwa wakimkimbilia awasimulie habari za chui walimwona anapita bila kusema neno, wakaenda kuwaambia mama zao kwamba mzee ni mgonjwa.

Jumapili baada ya ibada mafaili yalikuwa yamepangwa nje, kwenye nyasi, na kando yake mtungi mdogo wa mafuta ya taa. Watu walisimama mbali kidogo, kama wanavyosimama watu penye nyuki. Pasta alikuwa amefungua Biblia. Hapo ndipo Okeyo alipoonekana langoni, ameshikana mkono na mama mmoja mnene mwenye fimbo nyeupe.

"Ngojeni," Okeyo akaita. "Huyu ni Mwalimu Immaculate, ametoka Nakuru. Amesoma na marehemu shule moja. Amefundisha nukta miaka thelathini. Mimi nilimpigia simu, kwa sababu nimechoka kuogopa kitu sijasoma."

"Iko wapi hiyo karatasi?" Immaculate akauliza.

Hakuna aliyetaka kuishika. Ni Gachanja aliyeiokota akampa. Immaculate aligusa upande wa wino, penye mashimo. Akageuza, akagusa ng'ombe. Kisha kidole chake kikaenda mpaka mwisho wa mstari, kulia kabisa, kikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kushoto. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Msifunge chumba changu," akasoma. "Mimi Rahab."

Mama mmoja akapiga kelele. Mbugua akaukumbatia mtungi wa mafuta. Gachanja akaikodolea macho karatasi, kwa maana hayo yalikuwa maneno yake, neno kwa neno, nayo yalikuwa pale muda wote.

"Umeyasomaje?" akauliza.

"Kama nilivyoyasoma kwa kila mwanafunzi wa wiki ya kwanza." Immaculate hakuinua sauti, lakini watu walisogea. "Ukitoboa karatasi, nundu inatokea ng'ambo. Kwa hivyo anayejua kazi hulaza wino chini. Anaanzia kulia anakuja kushoto, na kila herufi anaigeuza. Akipindua karatasi, nukta zimenyooka, zimesimama pamoja na wino. Huyu ameweka wino juu, akaanzia kushoto, kama mtu mwenye macho. Maneno yake yametoka kama sweta uliyovaa ndani nje. Sasa, Rahab alijua hii kazi akiwa na miaka saba. Kuzimu wamemsahaulisha?"

Mtu mmoja akakohoa kicheko.

"Shemeji," Immaculate akasema. "Nimesikia sauti yako. Nipe mkono. Wa kulia."

Gachanja alitazama lango. Lilikuwa mbali. Akatoa mkono, na vidole vya Immaculate vikapita kiganjani taratibu, vikasimama chini ya kidole cha shahada.

"Rahab alikuwa na sugu hapa, ngumu kama kwato. Hili ni lengelenge. Bado lina maji. Ni la lini?"

"La Jumatatu," Gachanja akajibu, kabla hajapata nafasi ya kumtafuta chui yeyote wa kumsaidia.

Akasema yote. Kitabu, kibao, siku mbili, ufunguo mfukoni. Alivyoapa. Jepkorir akamjia juu: "Mzee! Mimi sijalala wiki nzima! Nimekamua ng'ombe nikiimba nyimbo za wokovu!" Okeyo yeye alikuwa ameinama, ameshika mbavu, mabega yanamtetemeka, na ilichukua muda watu kujua kwamba anacheka. Mbugua peke yake hakucheka. Alisema mtu aliyeapa uongo kwenye uwanja wa kanisa hastahili kuingia tena kwenye chumba hicho.

Gachanja hakuwa akimsikia. Alikuwa ameinamia sikio la Immaculate.

"Kwa hivyo si yeye."

"Si yeye, shemeji."

"Hata ile ya nyumbani?"

"Okeyo alinionyesha. Ni mkono wako."

"Na ule mlio? Saa tisa. Kuku nilikuwa nimemfungia."

"Hilo sijui. Mimi ni mwalimu wa nukta."

Siku nane Gachanja alikuwa amemwogopa mkewe, na sasa angetoa chochote ili iwe kweli alikuja, hata kama ni kumgombeza. Alijifuta macho kwa ule mkono wenye lengelenge, akasahau kujificha.

"Zile za wino mtupu ni ngapi?" Immaculate akauliza kwa sauti, ili kila mtu asikie.

"Kumi na tisa."

"Atazilipa. Kila moja, nukta chini ya kila mstari, upande wa wino. Hapa chumbani, mlango wazi, watu wakimwangalia. Lakini kwanza ataandika karatasi ya kukiri. Okeyo atakagua."

"Na mahema?" Mbugua akauliza.

"Mahema hayajui kusoma," Jepkorir akasema. "Yangoje."

Pasta akafunga Biblia, na hilo ndilo lililoamua. Mpaka zile karatasi ziishe, akasema, kisha kamati ikae tena. Mafaili yakarudishwa ndani, watu wakisaidiana, na mafuta ya taa yakaenda jikoni kwa mama wa pasta.

Karatasi ya kukiri ilimchukua Jumamosi tatu. Aliharibu karatasi nne. Okeyo alikuwa akipitisha kidole, anasema tu "Rudia", kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Kulaza wino chini ni kutupa macho yako mwenyewe, Gachanja aligundua: hukuoni ulikotoka, unamtazama ng'ombe, na unayemwandikia yuko upande ule mwingine. Jumamosi ya nne walikuwa jozi tano benchini, na Gachanja akaketi bega kwa bega na Okeyo, karatasi imelala juu ya magoti yao. Yeye alisoma kwa sauti kutoka kwenye wino. Kidole cha Okeyo kilifuata chini yake.

"Mimi Gachanja niliwadanganya watu wa Subukia kwa jina la mke wangu," akasoma. "Niliandika mimi, si yeye. Nilifanya hivyo kwa sababu chumba hiki ndimo alimobaki." Chumba kilikuwa kimetulia, wote wanamsikiliza, hata Mbugua aliyesimama mlangoni. Ilikuwa nafasi ambayo mwanamume wa aina yake hawezi kuiacha ipite hivi hivi. "Lakini siku ile ya ukungu nilisikia sauti yake wazi kabisa ikiniambia, Baba Sue, uliapa vizuri, endelea tu—"

Kidole cha Okeyo kilikuwa kimesimama.

"Hapo. Hilo haliko."

"Liko. Umeliruka."

"Macho ndiyo huruka. Hapa baada ya 'alimobaki' kuna kituo, halafu karatasi tupu mpaka kwa ukingo. Jepkorir, hebu angalia wino."

Jepkorir akainama juu ya mabega yao. "Karatasi tupu," akasema.

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Immaculate akagonga fimbo sakafuni mara moja.

"Sasa ni ishirini," akasema.

Gachanja akafungua kinywa, akatazama kile kidole ambacho hakijaondoka mahali pake, akafunga kinywa. Akavuta karatasi ya juu kwenye rundo la zile za wino mtupu, akalaza wino chini, akaibana kwenye kibao, akaanzia kulia.